Boksi la kusuka ukili na watoto, elfu 50 yangu ilienda hivi

Likizo ya Desemba ilipofika wiki ya pili nikawa nishachoka. Watoto watatu, nyumba ya vyumba viwili Tabata, joto la Dar lile la kulowesha shuka, halafu kuanzia saa moja asubuhi rimoti ya tivii inagombaniwa kama kiwanja cha urithi. Ndo katika kuperuzi simu usiku nikakutana na tangazo la duka moja la mtandaoni, jina nabaki nalo maana nina malalamiko yangu na sitaki kesi, wanauza boksi la kusuka ukili kwa familia, yaani ule mkanda wa majani unaosukwa kisha unashonwa kuwa mkeka au kikapu. Picha nzuri hiyo, mama, baba na watoto wawili wamekaa mkekani wanacheka, katikati yao kikapu cha rangi tatu kimesimama na mikono yake, cha kubebea embe kumi hivi bila wasiwasi. Chini pameandikwa kila kitu kimo ndani, rangi za asili, umri miaka 5 mpaka 99, mnaanza na kumaliza siku hiyohiyo. Bei elfu 45, delivari elfu 5 kwa wa Dar. Nikawaza elfu 50 ni hela jamani, lakini nikikumbuka siku ile nilivyowapeleka kubembea na kula aiskrimu nilirudi na elfu 70 imeteketea na mmoja katapika kwenye bajaji, nikasema hewala, nikalipa kwa simu usiku uleule kabla akili haijarudi.

Boda alileta Ijumaa jioni, siku mbili baada ya kulipa, hapo sina neno. Boksi ni la karatasi ngumu, ukubwa kama la viatu vya mwanaume. Ukifungua kinachokupokea ni harufu, na niseme ukweli wa Mungu ile harufu peke yake ilikuwa na thamani ya elfu 10, harufu ya mkeka mpya, majani yaliyokaa juani yakakauka vizuri, wa kati wangu kaingiza kichwa chote kwenye boksi hataki kutoa. Ndani kulikuwa na mafungu manne ya chane za ukindu, yaani majani ya mkindu yaliyochanwa vipande vyembamba, vipakiti vinne, yaani manjano, hina, choya (rozela) iliyokaushwa na magadi yale yale ya kulainishia maharage, sindano mbili za plastiki, uzi, mkasi wa watoto wa ncha butu, na karatasi moja ya maelekezo iliyokunjwa mara nne.

Ukindu wenyewe nausifu na nitausifu mpaka mwisho. Kwa asiyejua, mkindu ni ndugu yake mtende, unaota mashina mengi pamoja, hupenda sehemu zenye maji maji, na kuti linalotakiwa kusukia ni lile changa la katikati ambalo halijafunguka bado. Linakatwa, linaanikwa juani mpaka linatoka kwenye kijani linakuwa jeupe la maziwa. Kazi yake si ndogo, chini ya kuti kuna miiba mirefu kama sindano za hospitali, na ukiwa na tamaa ukakata kila kuti changa unaloliona lile shina linakufa, kwa hiyo wanaojua wanachukua kwa hesabu. Sasa hizi chane za kwenye boksi zilikuwa zimeshachanwa, upana mmoja, ule uti wa katikati umetolewa, hakuna yenye madoa ya ukungu. Aliyeziandaa anaijua kazi. Nimeshawahi kununua ukindu sokoni nikakuta nusu ya fungu ni meusi, kwa hiyo najua ninachokisema. Wengine husukia miyaa, ile inayotoka kwenye mkoma, bara wengi wanaita milala, ni migumu zaidi na inafaa sana majamvi na vikapu vya shamba, lakini kwa vidole vya mtoto ukindu ndo penyewe, mlaini.

Sasa aliyeandaa chane na aliyeandika maelekezo ni watu wawili tofauti, na nina uhakika hawajawahi kukutana.

Jumamosi asubuhi tumekunywa chai tumetandika mkeka sebuleni, katuni imezimwa kwa nguvu, nafungua karatasi. Stepu ya kwanza, chukua chane tisa. Stepu ya pili, panga kama kwenye picha. Picha yenyewe imechapwa ndogo kama stempu na nyeusi tii, huoni ipi iko juu ipi iko chini. Stepu ya tatu, endelea kusuka mpaka upate urefu unaotosha. Basi. Unaotosha nini? Halafu chini kuna ile alama ya QR ya kuskani kwa simu inakupeleka kwenye vidio ya dakika 14, nikaiskani, ikala bando langu, ni mikono ya mtu inasuka kwa spidi huku muziki unapiga, hakuna neno hata moja linalosemwa. Mkubwa wangu ana miaka 11, mjuaji balaa, akasema mama nimeelewa, akakunja chane ya kwanza, ta! ikakatika. Ya pili, ta! Wa kati yeye hakukunja, alivuta, chane ikamkata kidole pembeni, vile vijidonda vyembamba usivyoviona ila vinauma kama umeshika pilipili. Kitinda mimba, miaka 5, umri ule wa kwenye tangazo, alikaa dakika nne kwa saa kisha akachukua fungu zima akaanza kufagia.

Mpaka saa tano tulikuwa tumevunja chane kama 20 na tuna kitu kinachofanana na kiota cha mbayuwayu. Mimi mwenyewe mtoto wa mjini, najua kukalia mkeka, kuusuka sijui, na sioni aibu.

Na muda wote huo mama mkwe wangu yupo. Alikuja kutoka Pemba mwezi wa kumi na moja kwa ajili ya macho, kakaa pale mlangoni kwenye kigoda anachambua mchele, anatuangalia, kimya. Wala hakusema neno na mimi kwa heshima sikumwuliza, maana nilishaona ni mambo ya kwenye boksi, ya kisasa, nimsumbue mtu mzima kwa nini. Baba watoto ndo aliyepita akaona akasema, sasa nyinyi mna mwalimu ndani mnaskani nini? Nikageuka, nikamwambia mama, samahani, hebu tusaidie. Akaweka ungo chini. Akachukua chane moja akaikunja karibu na sikio lake, ikalia. Akasema, "Mwanangu, ukili hausukwi mkavu. Majani haya yana kiu."

Hilo ndo jambo ambalo karatasi ya elfu 45 haikusema. Kulowesha! Akatuambia tuweke maji kwenye beseni, chane zikae humo kidogo tu, si kuzilaza usiku kucha zikavimba, muda wa kuchemsha chai na kuinywa, halafu zitolewe zikung'utwe zifungwe kwenye khanga mbichi. Unachomoa moja moja unavyohitaji, zingine zinabaki ndani na unyevu wao. Tulipozitoa zilikuwa kitu kingine kabisa, unaikunja haikatiki, unaifunga fundo inakubali. Mkubwa kaifunga mkononi kama saa akazunguka nayo nyumba nzima.

Kusuka kwenyewe akafundisha hivi, na nayaandika vizuri kwa sababu mtu akinunua boksi hili akatupa ile karatasi akafuata haya atafika. Akapanga chane zimelala mshazari, nne zinaelekea kulia, tano zinaelekea kushoto, zinapishana moja juu moja chini pale katikati, akazibana kwa kidole gumba cha mguu. Eti kwa nini kwa mguu, mkubwa kauliza, bibi akamwambia mikono miwili ina kazi, wa tatu utautoa wapi. Kisha unachukua ya pembeni kabisa, unaikunja iangalie ndani, unaipitisha juu chini juu chini mpaka katikati, unahamia pembe ya upande wa pili unafanya hivyo hivyo. Kulia, kushoto. Kila ukikunja unavuta kidogo, usivute kama unafunga mbuzi, ukivuta sana ukili unajipinda kama nyoka, ukilegeza unapata matundu. Chane ikikaribia kuisha huifungi na nyingine, unalaza mpya juu yake zinaenda pamoja mizunguko miwili mitatu halafu ile ya zamani unaiacha inatokeza kwa nyuma. Kwa hiyo upande mmoja wa ukili ni msafi na upande wa pili una ndevu, na zile ndevu unakuja kuzikata mwisho kabisa ukishamaliza. Mkubwa yeye alikuwa anakata kila zinapotokeza kwa sababu hapendi fujo, ukili wake ukafumuka mara mbili, akalia, akaelewa.

Wa kati, huyu ana miaka 8 na shuleni wanasema hatulii, alikaa na bibi yake saa mbili na nusu. Sijatia chumvi. Anahesabu kwa sauti juu chini juu chini, ulimi umetoka nje, akikosea bibi hamwambii kitu, anaweka tu kidole pale penye kosa na kunyamaza mpaka aone mwenyewe. Niliwaangalia pale mlangoni nikasema hawa ningewalipia elfu 50 nyingine.

Kitinda mimba alishindwa na sijui nani aliandika miaka 5 kwenye tangazo, vidole vyake havina nguvu ya kubana. Bibi hakuhangaika naye kwa ukindu, alimtuma kwa jirani wenye mnazi aombe jani la kuti bichi, akamtengenezea kititia, kile cha kukimbia nacho kinazunguka kwa upepo, na miwani, na saa. Bure kabisa. Kuanzia hapo mtaa mzima wa watoto ulihamia kwetu na yule wa miaka 5 akawa na furaha kuliko wote, hata boksi hakulikumbuka. Kwa hiyo kama wako ni wadogo wote chini ya miaka 7, msinunue hili boksi, tafuteni tu kuti la mnazi na mtu mzima wa pwani.

Rangi tulifanya siku ya pili, Jumapili, na kiukweli hapa ndipo boksi lilipojikomboa. Karatasi inasema chemsha manjano na chumvi kidogo, tumbukiza chane kabla hujasuka, hilo lilieleweka. Tukatia chane kwenye sufuria, zikatoka njano ile ya kiini cha yai la kienyeji. Halafu ndo ukaja ule mchezo wa magadi. Unayeyusha magadi kwenye maji bakuli la pembeni, unachukua chane ya njano unaizamisha, mbele ya macho yako inageuka nyekundu ya tofali. Watoto walipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Halafu unaikamulia limau, inarudi njano! Wakaanza, njano, nyekundu, njano, nyekundu, limau zangu sita za mboga zikaisha hapohapo. Mkubwa akaniuliza kwa nini, nikamwambia ni kama ile karatasi ya maabara inayobadilika rangi kwenye asidi na besi, manjano nayo iko hivyohivyo, magadi ni besi na limau ni asidi, nikajiona profesa kwelikweli na darasa la saba la zamani nililonalo. Huo mchezo karatasi imeuandika mstari mmoja tu kwa herufi ndogo pale chini, wakati ungepaswa kuwa ndo tangazo lenyewe.

Hina ilitoa rangi ya kahawia iliyochangamka na mikono ya wa kati ikabaki hivyo mpaka shule inafunguliwa. Choya ilinivunja moyo, kwenye sufuria ilikuwa nyekundu ya juisi, kwenye chane ikawa pinki nzuri, ilipokauka ikawa kijivu cha maji ya kufulia. Hiyo naona waitoe tu waongeze hina. Mama mkwe alisema zamani kwao waliokuwa wanataka weusi walichimba mizizi ya mdaa wakachemsha nayo, na wekundu walipata kwenye zingefuri, zile punje za tunda lenye manyoya ambalo watembezaji watalii kwenye mashamba ya viungo Unguja wanawapaka wageni mdomoni. Siku hizi, anasema, wengi wananunua rangi ya unga dukani, inachemshwa dakika chache na haipauki upesi. Nikamwuliza na hii ya manjano je? Akacheka tu.

Nilielewa kicheko kesho yake. Nusu ya chane tulizianika juani kwenye kamba, nusu alizichukua yeye akaziweka kivulini uvunguni mwa meza ya jikoni. Zangu za juani mpaka Jumatatu jioni zimepauka zimekuwa rangi ya uji, zake bado zinawaka. Manjano na jua haviivi chungu kimoja. Karatasi? Kimya. Imeandika "anika mpaka zikauke".

Ila jua hilohilo likaniokoa kwenye msala mwingine. Kitinda mimba na mikono yake ya njano alimrukia baba yake aliyekuwa anatoka msikitini na kanzu nyeupe. Mimi mbio nikaichukua nikaisugua na sabuni ya kipande, weee, pakageuka pekundu kama damu, baba watoto katoa macho anadhani mtoto kaumia. Kumbe ni mchezo uleule wa magadi, sabuni nayo inafanya hivyo. Nikasuuza sana, nikatia limau nyingine, ikarudi njano, nikaianika juani siku mbili na doa likapotea lenyewe. Kwa hiyo tafadhali vaeni nguo za kuchakaa na sufuria mtumie ile mbovu, yangu ya alumini bado ina mstari wa njano kwenye mdomo mpaka leo na nimeshaisugua na majivu na steliwaya.

Sasa malalamiko makubwa, lile lililonifanya niandike. Tumesuka Jumanne na Jumatano, wa kati na mkubwa wanapokezana, bibi anarekebisha. Chane zikaisha. Mama mkwe akachukua ukili akaupima kwa mikono iliyonyooshwa, kama wanavyopima ukili wote, akasema "Pima moja na shibiri." Pima ni kutoka ncha ya vidole vya mkono mmoja mpaka wa pili ukiinyoosha yote miwili. Nikamwonyesha picha ya kwenye tangazo, kile kikapu cha embe kumi. Akaiangalia, akairudisha simu, akasema kikapu hicho kinataka pima nne, na bado hujaweka mikono. Pima nne! Nilizihesabu chane tulizonazo na zile tulizovunja, jumla zilikuwa kama 120 na urefu wa kila moja ni rula na kidogo. Hata tusingevunja hata moja tusingefika nusu ya kikapu kile. Yaani boksi linalosema kila kitu kimo ndani lina robo ya kitu.

Nikawatumia meseji wasap na picha, kwa adabu kabisa. Wakajibu baada ya siku moja, samahani dada, kikapu kwenye picha ni mfano, boksi lako ni la kuanzia. Hilo neno la kuanzia halipo popote kwenye tangazo, nimelisoma mara tatu. Wakaniambia naweza kuongeza mafungu kwa elfu 12. Nikawajibu siongezi hata mia, nataka mliyoahidi. Tukavutana, mwisho wakakubali kuleta mafungu mawili bure mimi nimlipe boda, na wakaleta kweli, na ubora uleule. Sasa hapo nawapa haki yao, wengine wangeniblok. Lakini mteja asiye na mama mkwe wa kupima ukili angejuaje? Angeona tu watoto wake wameshindwa.

Kushona ndo ilikuwa rahisi kuliko vyote. Unaanza katikati ya kitako, unauzungusha ukili kama konokono, ukingo kwa ukingo, unapitisha uzi kwenye zile pembe zilizokunjwa, kitako kikitosha unaanza kuupandisha juu. Sindano za plastiki zilivunjika zote mbili kwenye mzunguko wa tatu. Mama mkwe alikuwa na shazia yake, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, kwenye mkoba, sijui mtu anasafiri na shazia kuja kutibiwa macho kwa nini lakini alikuwa nayo, na uzi wa kwenye boksi alikataa, alishonea chane ya ukindu yenyewe, anasema uzi wa dukani unakata majani yakizeeka.

Kwa ile pima moja na shibiri tukapata kikapu. Kipana kama kikombe cha chai cha babu, kirefu kama kiganja. Embe moja haliingii, labda lile dodo dogo. Baba watoto akakiangalia, akachukua rimoti, akaitumbukiza. Imekaa kama ilipimiwa.

Kuhusu bei nilifanya uchunguzi wangu kidogo. Mama mkwe alipiga simu kwao, wiki iliyofuata likaja fungu la ukindu na boti kupitia Unguja, nililipa elfu 10 pamoja na wa kulibeba, na linaingia mara tatu ya yale ya kwenye boksi. Ila halijachanwa, unakaa na sindano unachana kila jani upana mmoja na kutoa uti, hiyo kazi ilinichukua jioni mbili na vidole vyangu viliomba radhi. Kwa hiyo siwezi kusema boksi ni wizi, ile kazi ya kuchana ndo mnailipia, na kwa mzazi anayetoka kazini saa kumi na mbili ina thamani. Manjano, magadi na chumvi unavyo jikoni, hina ni buku. Mkasi wa watoto haukati ukindu, hata msihangaike nao.

Mimi ningekuwa wao ningefanya hivi, bei ile ile, nitoe mkasi, choya na sindano za plastiki, niongeze mafungu mawili, na ile karatasi niipe bibi yeyote wa Pemba, Mafia au Bagamoyo aisome kwa sauti mbele ya mwandishi wake. Na picha wabadilishe. Waweke kikapu cha rimoti, mbona kizuri tu. Tena biashara ina nafasi, tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 watu wamerudia vikapu, sokoni Buguruni naona wamama wamebeba vya miyaa, vya milulu vya Iringa, kila aina, na watoto wetu hawajui hata kimoja kinaanzia wapi. Mkubwa wangu alikuwa anaamini mkeka unatoka kiwandani.

Nyota nawapa tatu kwa tano. Ukindu ungepata tano peke yake, rangi nne, huduma baada ya kugombana nne, maelekezo sifuri, na kwa picha ya tangazo ningewakata moja kama ingewezekana. Nunueni kama mna watoto wa kuanzia miaka 7, mna siku nne na si moja, na mna mtu mzima anayejua nyumbani au hata mtaani, ulizeni, mara nyingi yupo na hamjui, wangu alikuwa anachambua mchele hatua tatu kutoka nilipokaa. Kama hamna kabisa basi lowesheni chane kabla ya kitu chochote, anikeni kivulini, kateni ndevu mwisho, na pimeni kwa mikono kabla hamjawaahidi watoto kikapu.

Yale mafungu mawili ya bure na lile la Pemba yako kwenye khanga mbichi sasa hivi ninavyoandika. Wa kati ana pima mbili na nusu na hataki mtu aguse, shule imefunguliwa anasuka akirudi, anabana kwa kidole gumba cha mguu kama bibi yake ambaye ameshafanyiwa macho na amerudi kwao na shazia yake. Kikapu cha rimoti kipo juu ya tivii, kimeinama kidogo upande wa kushoto, pale kitinda mimba aliposhona mishono mitatu ya mwisho na hakuna aliyeruhusiwa kuirekebisha.